Ufuta una mnada, hewa ukaa yatafuta mnunuzi

KITOMANGA – Msimu wa ufuta ukifika, mfanyabiashara wa Kitomanga, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, hana haja ya kuieleza bidhaa yake. Gunia hupimwa, mnada hufanyika kupitia chama cha msingi kwa stakabadhi ghalani, na mkulima hulipwa. Lakini ufuta hustawi zaidi katika shamba jipya, na shamba jipya mara nyingi hupatikana kwa kufyeka msitu. Je, msitu uliosimama unaweza kumlipa mwanakijiji?

Swali hilo lilifanyiwa kazi na Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Profesa Pius Yanda, mmoja wa waandishi wa sura ya Afrika katika ripoti ya mwaka 2007 ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC. Norway ilipoahidi Tanzania kroner milioni 500 mwaka 2008, taasisi hiyo ilikabidhiwa sekretarieti ya mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na uharibifu wa misitu (MKUHUMI). Mkakati wa taifa ulitoka mwaka 2013.

Bidhaa yenyewe ni tani ya hewa ukaa ambayo haikwenda angani. Wataalamu hupima unene wa miti katika maeneo ya sampuli, hutazama kwa picha za satelaiti kasi ya ufyekaji wa miaka iliyopita, kisha hukadiria msitu ambao ungepotea kama hali ingeachwa ilivyo. Kilichookolewa ndicho mali. Mkaguzi wa nje huthibitisha hesabu kabla ya vyeti kutolewa.

Muuzaji anajulikana: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao. Aliyekosekana ni mnunuzi. Mkutano wa Copenhagen wa Desemba 2009 ulimalizika bila mkataba wa kuzibana nchi tajiri, na soko likadorora. Katika mradi wa TFCG na MJUMITA wa 2009 hadi 2014, wanavijiji wa Lindi walipokea malipo ya majaribio, lakini fedha hizo zilitoka kwenye mradi, si sokoni.

Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha ufuatiliaji wa kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Utaratibu upo, bei bado huamuliwa na wanunuzi wa nje.

Mwenye mtaji mdogo anayeshawishiwa kuingia aulize mambo matatu: ardhi ni ya nani, nani amekagua hesabu, na mnunuzi amesaini mkataba wa bei gani. Lisipojibiwa hilo la tatu, mkulima wa Kitomanga atashika panga na kwenda kufyeka shamba la ufuta, na kwa hesabu ya mfuko wake hatakuwa amekosea.