Mshale wa ordinatere ukigeuka: namna ya kuurudisha bila kulipa fundi

Kule Kasongo na Kabambare, ordinatere moja inapita mu mikono mingi. Asubuhi mwenye kibanda cha fotokopi anaandika barua ya mtu, mchana mwanafunzi anachapa kazi ya shule, magaribi vijana wanaingiza miziki na flashi zao. Basi siku moja mwenyewe anawasha mashini na kukuta ule mshale mweupe umekuwa moyo mwekundu, mpira ao upanga. Wengi wanasema pale pale: virusi! Wanabeba mashini kwa fundi, na kama fundi hana huruma anafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Barua za wateja zinaenda na maji. Kumbe kazi yenyewe iko ya dakika moja.

Si kwamba moyo mwekundu ni mubaya kwa macho tu. Mshale wa kawaida unafinya kwa ncha yake, pale juu upande wa kushoto. Kwa picha ya mpira, nukta yenye kufinya inaweza kuwa katikati ao pembeni, haionekani. Mtu anataka kuhifadhi, anafinya kufuta. Tena mshale unasema: ukiwa mkono, pale kuna njia ya kufungua ukurasa, ukiwa kifimbo, pale unaandika, ukiwa duara lenye kuzunguka, mashini ingali inafanya kazi. Picha ikibaki ile ile wakati wote, mtu anafikiri ordinatere imekwama, anaizima kwa nguvu, na karatasi iliyokuwa inahifadhiwa inaharibika. Kwenye moto wa sola ao wa jenereta, kuandika mara ya pili ni kuchoma esanse mara ya pili.

Kuurudisha, suri yenyewe haihitajiki sana. Finya pamoja ufunguo wenye alama ya Windows na herufi R. Kadirisha kanafunguka: andika main.cpl, kisha Entrée. (Kwa klaviye ya Kifaransa, ile nukta inatoka kwa kushikilia Maj na kufinya ufunguo wa nukta-mkato. Wengi wanakwama hapo.) Mambo ya suri yanatokea. Shika Ctrl, finya Tab mpaka ufike kwa "Pointeurs". Katika orodha ya "Modèle", chagua mstari wenye maneno Windows na "par défaut", finya "Appliquer" na "OK". Mshale umerudi.

Ukigeuka tena kesho yake, rudi pale pale, uondoe alama kwenye kisanduku kinachoruhusu "thèmes" kubadilisha mshale. Kama bado, kuna programu iliyoingizwa. Windows na R tena, andika appwiz.cpl: orodha ya programu inatokea, na ile usiyoijua iliyoingia siku za karibu ndiyo ya kuulizia kwanza. Lakini mshale ukigeuka ndani ya intaneti tu, na nje uko sawa, Windows haina kosa. Ni kiongezi kilichowekwa kwenye Chrome ao Firefox, kinaondolewa mule mule.

Kuwa na wasiwasi na vitu hivi vya bure si woga. Huko Marekani, Comet Cursor ilikuwa inapamba mishale ya watu bila malipo. Mwaka 1999 ikajulikana kwamba ilikuwa pia inafuata kurasa walizotembelea.

Na wazee ambao mshale mdogo unawapotea, ao wenye kufanyia kazi barazani mu jua kali, hawana haja ya kupakua kitu. Kwa Windows 10 na 11, finya Windows na U, tafuta sehemu ya "pointeur": pale mshale unakuzwa na kupewa rangi nyingine, na ncha yake inabaki ncha.