Zebaki Huingia kwa Pumzi

Mtu akimeza tone la zebaki, karibu lote litapita tumboni na kutoka chooni. Kinachoingia kwenye damu hakifiki hata sehemu moja kati ya elfu. Akivuta mvuke wa tone hilohilo, takriban asilimia 80 ya mvuke huo hubaki mwilini. Metali ni ileile na mtu ni yuleyule, mlango tu ndio umebadilika. Kila anayechenjua dhahabu kwa zebaki, awe Geita, Chunya au Migori ng'ambo ya mpaka, anastahili kuelezwa jambo hili kabla ya jingine lolote, maana maonyo mengi anayoyasikia huhusu mikono: vaa glavu, nawa kwa sabuni, usishikeshike. Glavu ni nzuri. Lakini kinachomwangusha mchenjuaji, mara nyingi kuliko yote, ni pumzi aliyoivuta akiwa ameinamia jiko.

Kazi yenyewe inafahamika. Mawe hutolewa duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, hupasuliwa kwa karasha, husagwa kinuni hadi yawe unga, kisha unga huoshwa kwa maji juu ya mbao za mteremko zilizotandikwa magunia. Dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye nyuzi za gunia pamoja na mchanga mzito mweusi. Mchanga huo hukung'utiwa kwenye karai, zebaki humiminwa humo, na mtu huuvuruga mpaka kila chembe ya dhahabu ishikwe. Zebaki iliyozidi hukamuliwa kwa kitambaa na kurudishwa chupani. Linalobaki ni bonge dogo la kijivu ambalo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Hapo ndipo moto unapohitajika. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, hivyo jiko la mkaa au gesi ya kuchomea yatosha kuifukuza moja na kuiacha nyingine.

Ukijani wa mlima, vumbi la barabara, kelele za karasha, vyote hivyo mgeni huviona akifika mwaloni, mahali pa kuchenjulia. Asichokiona ni hiki: katika dakika chache ambazo bonge linageuka kutoka kijivu kuwa manjano, watu husogea karibu kutazama, na mvuke unaotoka hauna rangi wala harufu. Hauwashi macho. Hauchomi koo. Moshi wa kuni humtoa mtu machozi akaondoka. Mvuke wa zebaki humwacha ameketi palepale, ameridhika, akiuvuta.

Tuhesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hewa ambayo watu wanaishi nayo mwaka mzima isizidi mikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki katika kila mita ya ujazo. Gramu moja ina mikrogramu milioni 1. Kwa hiyo gramu moja tu ya zebaki iliyochomwa ingehitaji kutawanywa katika mita za ujazo milioni 1 za hewa ili kufikia kiwango hicho. Mchomaji aliyejifungia chumbani kwa kuogopa wezi ana mita za ujazo 30 hivi. Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 13 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, hivyo sehemu kubwa ya ile gramu hupoa na kutua, vitone visivyoonekana kwa macho, kwenye ukuta, kwenye boriti, kwenye neti na blanketi. Siku za joto vitone hivyo hugeuka tena kuwa mvuke. Familia inayolala chumba hicho inaendelea kuivuta zebaki hiyo kwa wiki nyingi, hata kama siku hiyo mama na watoto walikuwa shambani.

Ndani ya mwili mambo huenda kwa haraka. Atomu ya zebaki iliyo katika mvuke haina chaji, na kitu kisicho na chaji hupenya utando wa mapafu bila kizuizi. Ikishaingia kwenye damu, kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichomo kwenye chembe nyekundu, huanza kuibadilisha kuwa ayoni. Ayoni haipenyi utando kwa urahisi. Lakini ubadilishaji huo huchukua muda, na damu hutoka kwenye mapafu hadi ubongoni kwa sekunde chache tu. Atomu ambazo hazijabadilishwa huingia ubongoni, na huko nako kuna katalesi. Zikishageuzwa kuwa ayoni humo ndani, mlango umefungwa nyuma yao: zinashikamana na salfa iliyomo kwenye protini na kukaa. Sehemu nyingine kubwa huishia kwenye figo, ambazo huitoa polepole kwa mkojo. Mwili kwa jumla hupunguza mzigo wake kwa nusu kwa muda wa miezi miwili hivi. Ubongo hauna haraka hiyo; sehemu ya zebaki yake hukaa miaka.

Dalili za mwanzo ni za kudanganya. Usingizi hupotea, kichwa kinauma, mdomoni kuna ladha ya chuma, fizi zinavimba na mate yanajaa. Kisha vidole vinaanza kutetemeka, na mtetemeko huonekana zaidi pale mtu anapotaka kufanya kazi ndogo, kama kuandika jina lake au kushika kikombe. Hatua zake zinayumba. Kumbukumbu inapungua. Na kuna dalili moja inayoumiza nyumba nzima: tabia hubadilika. Mtu aliyekuwa mchangamfu anakuwa na haya isiyo na sababu, anakwepa watu, halafu ghafla anafoka kwa jambo dogo. Mtu wa namna hiyo, anayetetemeka, anayeyumba na anayefoka, jirani humwita mlevi. Akifika zahanati anapimwa malaria, na kwa kuwa anaishi ukanda wa malaria, huenda akakutwa nayo kweli, akapewa dozi na kurudishwa palepale jikoni.

Haya hayakubuniwa vitabuni. Watafiti waliofanya kazi Rwamagasa, mkoani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, waliwapima wachimbaji damu, mkojo na nywele, wakawachunguza mishipa ya fahamu, kisha wakawalinganisha na watu wa Katoro ambao hawakuwa wakiichoma. Kati ya wachomaji, karibu mmoja kwa kila wanne alikuwa na sumu ya zebaki ya muda mrefu mwilini. Robo ya watu wa kazi moja! Ingekuwa robo ya madereva wa kampuni moja, au robo ya wauguzi wa hospitali moja, taifa lingekuwa limesimama.

Wala dunia haiwezi kusema ilikuwa haijui. Idrija, mji wa machimbo ya zebaki ulio leo nchini Slovenia, ulipunguza saa za wachimbaji wake kuwa 6 kwa siku mwaka 1665. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapa mjini Modena kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na ndani yake akaeleza habari za mafundi waliopaka vyombo dhahabu kwa kuichanganya na zebaki kisha kuichoma motoni, jinsi shingo na mikono yao ilivyotetemeka. Ni kazi ileile inayofanywa leo mwaloni, moto uleule, mtetemeko uleule. Ramazzini ndiye pia aliyewahimiza madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Baadaye watengeneza kofia wa Uingereza na wa Danbury, Marekani, waliotumia chumvi ya zebaki kulainisha manyoya ya sungura, walitetemeka vizazi kwa vizazi. Marekani haikuachana na zebaki katika kofia mpaka Desemba 1941.

Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu duniani wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 20, wanawake na watoto wakiwa milioni kadhaa kati yao. Kazi yao ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote vya zebaki ambayo binadamu huirusha hewani: zaidi ya tani 800 kwa mwaka, kulingana na tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018. Wanawake wana habari yao. Wengi huosha na kurudia kuosha mchanga, mtoto akiwa mgongoni, na wengi huchoma nyumbani kwa kuwa ndiko wanakoweza kuchoma na huku wakipika. Mvuke uliokwisha kuingia kwenye damu ya mama hupenya kondo la nyuma, ukaingia kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Sehemu nyingine hupita kwenye maziwa. Mjamzito hapaswi kuwa karibu na uchomaji hata siku moja, na hili lingepaswa kusemwa kliniki kwa msisitizo uleule tunaoweka kwenye vyandarua.

Kuna kinga mbili ambazo watu huziamini na ambazo haziwasaidii. Moja ni maziwa: mtu hunywa nusu lita baada ya kuchoma akiamini yanafukuza sumu. Maziwa yako tumboni, mvuke uko kwenye mapafu, havikutani. Nyingine ni barakoa ya kitambaa. Inazuia sehemu ya vumbi, na vumbi la karasha lina silika inayoharibu mapafu na kumwandaa mtu kwa kifua kikuu, kwa hiyo kujikinga nalo ni jambo la lazima kwa vifaa vinavyofaa. Lakini atomu za mvuke hupita kwenye kitambaa kana kwamba hakipo. Kinachonasa zebaki ni chujio la mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo.

Dawa hospitalini zipo, zile zinazoikamata zebaki na kuitoa kwa mkojo, lakini hazikarabati ubongo uliokwisha kuharibika, na hazina maana kwa mtu anayerudi kuivuta kesho yake. Tiba ya kwanza ni kuikatiza pale inapotoka. Chombo cha kufanya hivyo, wataalamu hukiita ritoti, ni bakuli la chuma lenye kifuniko kinachobana na bomba linaloshuka hadi kwenye maji. Kinafanya kazi kama mtambo wa gongo. Mvuke unapanda, unapoa kwenye bomba, unadondoka tena kuwa zebaki. Kikitumiwa vizuri hunasa zaidi ya asilimia 90, na zebaki iliyonaswa hutumika tena. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza kwa mabomba ya maji.

Basi kwa nini hakitumiki? Jibu la haraka ni kwamba wachimbaji hawana elimu, na mimi silikubali. Wachimbaji wana sababu zao, na wanazieleza wazi: dhahabu ikifichwa ndani ya chuma huwezi kuiona ikichomeka, na mali usiyoiona inaweza kupungua, uchomaji unachukua muda mrefu zaidi, dhahabu hutoka na rangi ya kahawia, mnunuzi akaishusha bei. Kubwa kuliko yote, zebaki mara nyingi si ya mchimbaji. Broka humkopesha kwa makubaliano kwamba dhahabu itauzwa kwake, na yeye hutaka bonge lichomwe mbele ya macho yake, sasa hivi. Anayeamua namna ya kuchoma si yule anayevuta mvuke peke yake. Semina za kumwelimisha mchimbaji, huku broka akiachwa, zimekosa mtu wa kuelimishwa.

Kuna njia isiyohitaji zebaki kabisa. Wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino kwa miongo kadhaa wametenga dhahabu kwa kuosha mchanga wao kwa makini mpaka ubaki kidogo na mzito, kisha kuuyeyusha pamoja na boraksi, ambayo husaidia uchafu uyeyuke kwa joto dogo zaidi na dhahabu ijitenge nao. Njia hiyo ilijaribiwa Itumbi, wilayani Chunya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010: ilifaa. Si mawe yote yanayoikubali, na inadai mkono mzoefu wa kuosha, lakini mkono huo Chunya upo.

Mbali na pumzi, kuna hatari moja inayotazamwa kidogo mno. Zebaki haitoi dhahabu yote, kwa hiyo marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, huuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi ili kilichobaki kitolewe. Humo sayanaidi huyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na maji yake yakivuja yanaisafirisha mbali kuliko ambavyo ingekwenda yenyewe. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani uliosumishwa na zebaki ya kiwandani, ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unaitaja desturi hiyo ya kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki miongoni mwa zile zinazotakiwa kukomeshwa, pamoja na kuchoma wazi na kuchoma majumbani.

Kwa kuchoma wazi, pa kuanzia ninapaona. Tangu 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo nchini Tanzania hupitia masoko ya madini, ambako hupimwa na mrabaha ukakatwa. Kila soko lingeweza kuwa na chumba cha kuchomea chenye ritoti zenye kioo, mwenye mali aone dhahabu yake, na bomba la kutolea hewa lenye chujio la mkaa. Na chumba hicho kiwe bure kwa mchimbaji na lazima kwa broka. Karibu na mizani, mhudumu wa afya achukue mkojo wa wachomaji mara mbili kwa mwaka, maana mkojo ndio unaoonyesha kiasi kilichovutwa miezi ya karibuni, na matokeo yapelekwe kwenye zahanati ya kijiji cha mchomaji mwenyewe. Gharama itoke kwenye mrabaha ule ule.