Kubadilisha maji katika tangi la matumbawe

Kubadilisha maji katika tangi la matumbawe ni kazi ya kutoa sehemu ya maji ya chumvi katika tangi la nyumbani linalofugwa matumbawe, na kuweka mahali pake maji mapya yenye kiwango kilekile cha chumvi na joto. Kanuni inayofuatwa na wafugaji wengi ni kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, au asilimia 20 kila baada ya wiki mbili. Kanuni hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini haitoshi kwa kila tangi. Jibu hutegemea kiasi cha uchafu kinachoingia katika maji na kiasi cha madini kinachotumiwa na matumbawe yenyewe.

## Sababu za kubadilisha maji

Matumbawe ni wanyama. Kila mmoja, aitwaye polipi, ni mdogo, na kwa kawaida wengi huishi pamoja. Matumbawe magumu hujenga mifupa ya chokaa kutokana na kalisi iliyomo katika maji. Ndani ya miili yao huishi miani ya seli moja inayotumia nuru kutengeneza chakula na kuwagawia wenyeji wao. Ushirika huo umezoea maji yasiyobadilika sana: takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, kalisi miligramu 420 hivi kwa lita, na nitrati chini ya miligramu 1 kwa lita.

Baharini, mikondo huondoa uchafu kila wakati. Katika tangi la lita 200 uchafu hauna pa kwenda. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Bakteria walioko kwenye mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati haina ukali wa amonia, lakini hujilimbikiza pamoja na fosfati. Zikizidi, mwani hustawi juu ya mawe na kuyafunika matumbawe. Wakati huohuo kalisi, magnesi na bikaboneti hupungua, kwa sababu matumbawe huzitumia kujenga mifupa.

Kwa hiyo maji mapya hufanya kazi mbili: hupunguza kilichozidi na kurudisha kilichopungua.

## Hesabu ya mara ngapi

Kubadilisha asilimia 10 ya maji huondoa asilimia 10 tu ya nitrati. Tangi lenye miligramu 40 kwa lita litabaki na 36. Ndiyo maana mfugaji anayebadilisha maji mara moja na kupima tena siku hiyohiyo huona tofauti ndogo.

Jambo la msingi zaidi ni kiasi kinachoongezeka kati ya badiliko moja na jingine. Tuseme nitrati huongezeka miligramu 2 kwa lita kila wiki, na maji mapya hayana nitrati. Kiwango kitaendelea kupanda mpaka kiasi kinachotolewa kiwe sawa na kinachoongezeka. Asilimia 10 ya 20 ni 2. Kwa hiyo kabla ya kila badiliko kiwango kitatulia karibu na:

* miligramu 20, maji yakibadilishwa asilimia 10 kila wiki;
* miligramu 10, yakibadilishwa asilimia 20 kila wiki;
* miligramu 40, yakibadilishwa asilimia 10 kila baada ya wiki mbili.

Kanuni yake ni rahisi: kiasi kinachoongezeka kati ya mabadiliko mawili hugawanywa kwa sehemu ya maji inayobadilishwa. Mfano huo unaonyesha pia kwamba kupunguza chakula kwa nusu huleta matokeo sawa na kuongeza maji yanayobadilishwa mara mbili, tena bila gharama.

Hesabu hiyohiyo hutumika kwa madini. Ikiwa matumbawe hutumia miligramu 10 za kalisi kwa lita kila wiki, badiliko la asilimia 10 litaiacha kalisi ishuke hadi miligramu 100 chini ya kiwango cha maji mapya. Tangi lenye matumbawe magumu mengi huhitaji basi kuongezewa kalisi na bikaboneti moja kwa moja, kwa kuwa maji mapya peke yake hayatoshi.

## Kidogo kidogo au kwa wingi

Tangi lenye nitrati miligramu 40 kwa lita likibadilishwa asilimia 40 kwa mara moja hubaki na 24. Likibadilishwa asilimia 10 mara nne hubaki na 26 hivi, bila kuhesabu nitrati inayoongezeka katikati. Tofauti ni ndogo, lakini njia ya pili haiwashtui wanyama kwa mabadiliko ya ghafla. Hii ni muhimu zaidi kwa matangi madogo, ambayo joto na chumvi yake hubadilika upesi.

Mabadiliko makubwa, ya asilimia 30 hadi 50, huwekwa kwa ajili ya dharura, kama vile amonia kuonekana katika kipimo, samaki kufa bila kuonekana na kuoza, au sumu kuingia katika maji.

## Kujaza si kubadilisha

Maji yanapokauka kutoka katika tangi, chumvi hubaki. Upungufu huo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, si maji ya chumvi. Vinginevyo chumvi huzidi wiki hadi wiki. Kujaza huko hakuondoi nitrati yoyote, hata kukifanyika kila siku.

## Utaratibu

1. Maji ya bomba husafishwa kwanza kwa kichujio cha osmosi kinyume. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, fosfati au shaba. Shaba huua matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo.
2. Chumvi maalumu ya bahari huchanganywa katika chombo cha plastiki safi, na maji huzungushwa kwa pampu hadi yawe meupe kabisa. Chumvi ya mezani haifai.
3. Kiwango cha chumvi na joto hupimwa na kulinganishwa na vya tangi.
4. Hita na pampu huzimwa, kwa kuwa hita ikiachwa wazi hewani inaweza kupasuka.
5. Maji ya zamani huvutwa kwa mpira kutoka sehemu ya chini, pamoja na uchafu uliotuama.
6. Maji mapya humiminwa taratibu, bila kuyalenga matumbawe.

Wakazi wa pwani wanaweza kutumia maji ya bahari ya asili. Huchotwa mbali na midomo ya mito, bandari na mifereji ya maji machafu, wakati bahari imejaa. Wakati wa mvua za masika, maji ya karibu na ufuko huwa na chumvi pungufu na matope. Hupimwa kabla ya kutumiwa.

## Mifumo isiyobadilishwa maji sana

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza namna alivyofuga matumbawe kwa kutumia mawe hai ya baharini na viputo vya hewa. Baadaye Jean Jaubert, huko Monako, alitumia tabaka nene la mchanga ambamo bakteria wasiohitaji oksijeni hugeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Mifumo ya namna hii hupunguza haja ya kubadilisha maji, lakini haiondoi haja ya kupima wala ya kurudisha madini.

## Umuhimu

Baadhi ya matumbawe ya umbo la mviringo hukua takriban sentimita moja tu au pungufu kwa mwaka. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori. Tumbawe linalokufa kwa maji mabaya mara nyingi hufuatwa na kununuliwa kwa jingine, na huenda hilo likatolewa baharini. Daftari la vipimo vya kila wiki ndilo linaloonyesha kama ratiba iliyochaguliwa inatosha.