Wafipa na Mwamba Wao

Basi la Tunduma likitoka Sumbawanga hupita Kaengesa, na mgeni aliyetoka joto la Dar es Salaam huwa bado hajaacha kulalamikia baridi. Baridi hiyo inatokana na kuinuka kwa ardhi. Magharibi bonde limedidimia likabeba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470. Mashariki limedidimia jingine, la Ziwa Rukwa. Katikati, Kaengesa ilipo, pamesalia uwanda wa Ufipa, mwamba wa miaka kama bilioni mbili, takriban mita elfu moja juu ya maziwa hayo. Ndiyo maana mpunga hulimwa bondeni, na huku juu mahindi, maharage na ulezi.

Udongo wa huku si wa kujivunia, na miti ni haba. Wafipa, wenyeji wa uwanda huu, wakabuni ntumba: mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufukiwa chini ya matuta zioze, na msimu unaofuata matuta hutawanywa na mbegu kupandwa. Mbolea ya bure, kabla ya ruzuku yoyote.

Lakini kazi kubwa zaidi ilikuwa chuma. Mawe mekundu yenye madini yalipangwa pamoja na makaa katika malungu, matanuri ya udongo yaliyofikia mita tatu kwenda juu. Hayakuhitaji mivukuto: hewa ilivutwa yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukapanda. Bonge lililotoka lilisafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mhunzi akalifua likawa jembe. Kazi hiyo ilikufa katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipozagaa, ingawa magofu ya malungu bado yapo.

Mwamba wa Ufipa nao haujatulia. Ufa wa Kanda unakatiza uwanda kwa zaidi ya kilomita 100, na Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 liliitikisa Rukwa yote. Joto la chini ya ardhi nalo hufukuza heliamu iliyofungwa katika miamba ya kale. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina gesi hiyo, inayopoza sumaku za mashine za hospitali, ikikadiriwa kufikia futi za ujazo bilioni 54.

Malungu yalisimama kwa udongo na ujuzi wa hapahapa. Mitambo ya kuchimba heliamu, kinyume chake, inaletwa kutoka nje, pamoja na wataalamu wake. Ningekuwa mwalimu wa jiografia Kaengesa, ningewapeleka wanafunzi kwenye magofu kwanza, kisha bondeni kwenye visima vya heliamu, tena mapema, kabla kampuni za gesi hiyo hazijamaliza kuajiri.