Jinsi Mbung'o Anavyonusa

Mbung'o, aenezaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, hana pua. Yeye hunusa kwa vipapasio viwili vilivyo kichwani. Juu yake mna vinywele visivyoonekana kwa macho matupu, navyo vina vitundu vidogo mno.

Ng'ombe apumuapo, hutoa hewani molekuli za aina nyingi, zikiwamo za oktenoli. Molekuli hizi hupenya katika vitundu na kukuta majimaji. Kwa kuwa oktenoli haiyeyuki vema majini, protini maalumu husaidia kuivusha hadi kwenye utando wa seli ya neva. Hapo ipo protini ipokeayo harufu, iliyo mfano wa kufuli. Molekuli iliyo ufunguo wake inaponasa, njia iliyo katikati ya protini hufunguka, ioni huingia ndani ya seli, na ishara ya umeme husafiri hadi kwenye ubongo.

Kila kufuli huitikia molekuli za namna fulani tu. Kwa sababu hiyo harufu nyingine humvuta mbung'o na nyingine humfukuza. Oktenoli, asetoni na mkojo wa ng'ombe hutumiwa kuwavutia mitegoni mbung'o wa mbugani. Kinyume chake, mbung'o humwepuka kuro. Watafiti wa ICIPE, Nairobi, walitambua kemikali zilizomo katika harufu ya mnyama huyo, wakazitia katika vichupa vinavyofungwa shingoni mwa ng'ombe. Hivyo mfugaji hulinda mifugo yake kwa kumpotosha adui kwa njia ya harufu.