Tuzikinge Ala Zetu na Vumbi

Hivi karibuni tulialikwa harusini Kidichi. Ulikuwa msimu wa kaskazi, jua likiwaka, na njia ya shamba ikitimua vumbi jekundu kila ilipopita gari. Kikundi cha kidumbak kilipofika, mpiga fidla alitoa ala yake kwenye gunia. Chini ya nyuzi, pale upinde unapopita, palikuwa na ukoko wa unga wa ulimbo uliochanganyika na vumbi la njia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, na uzi mmoja ukakatika kabla ya biharusi kutolewa. Waalikwa walicheka. Sisi hatukucheka, kwani mpigaji yule hakuwa na fidla nyingine, wala dukani hakuna ya bei yake.

Muziki huu ni urithi wetu. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri na kuuleta kasrini kwake. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Muda wote huo udi, ganuni na fidla ndizo zilizobeba sauti ya taarab, na huko mashamba fidla na sanduku zikabeba kidumbak. Ganuni na udi nyingi tunazozisikia zimetoka ng'ambo kwa gharama kubwa. Ikiharibika moja, pengo lake halizibiki kwa wepesi.

Wako wanaodhani kuwa vumbi ni uchafu wa kuudhi macho tu. Sivyo. Hewa ya visiwani ina unyevu na chumvi ya bahari. Vumbi hunywa unyevu huo, likakutana na jasho la vidole, likageuka utando. Hapo nyuzi za chuma hushika kutu, funguo hukwama, na masika yakiingia mbao hufanya kuvu. Ulimbo wa upinde nao, ukiachwa bila ya kufutwa, hugandamana na rangi ya fidla hata usitoke tena.

Dawa yake si ghali. Kila baada ya kupiga, nyuzi na mbao zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, aghlabu tatu tatu kwa kila sauti, na mkono haupenyi chini yake. Basi itumike brashi laini ya mchoraji, tena kwa uangalifu, kwani daraja lake limekalia ngozi nyembamba ambayo haistahamili kukandamizwa. Vumbi lililoingia ndani ya fidla, baadhi ya mafundi hulitoa kwa kumimina punje za mchele mkavu kwenye matundu yake, wakaitikisa polepole, kisha wakaumwaga mchele pamoja na vumbi.

Maji, spiriti na mafuta ya nazi visikaribie. Wala isipulizwe kwa mdomo, maana pumzi nayo ni unyevu. Na si kila unga ni vumbi la njia: ukiona unga laini wa mbao chini ya kitundu kidogo, ujue mdudu yumo ndani, na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Baada ya kusafishwa, ala ifunikwe na iwekwe kwenye sanduku lake, mbali na dirisha na mbali na ukuta wa chokaa unaopukutika.

Huko huko Kidichi liko funzo kubwa zaidi. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga hamamu kwa ajili ya mkewe Shehrzad, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Nakshi za chokaa zilizopamba kuta zake ziliharibiwa na unyevu na kuvu. Halikuja jeshi kuzibomoa. Ziliharibika kidogo kidogo, siku ambazo hapana aliyepita na ufagio. Ala ya muziki ni nyonge kuliko ukuta, na haitasubiri miaka mingi kiasi hicho.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi wa vikundi na walimu wa skuli wamteue mtu mmoja wa kuangalia ala, na usafi wake uwe sehemu ya somo. Kwa wakuu wa idara zinazohusika na utamaduni tunasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ziandikwe ala zote zilizomo katika majengo ya umma, zitengewe makabati yanayofungika, na fungu dogo la matengenezo litiwe katika bajeti ya kila mwaka. Vikundi vya mashamba navyo visisahauliwe, kwani mpigaji wa Kidichi anahitaji sanduku la fidla kama anavyolihitaji mwenzake wa Vuga. Ni aibu kugharimia matamasha ya kuwaonyesha wageni muziki wetu, ilhali ala zenyewe zimelala kwenye magunia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe leo ni vumbi, na zana ya kuuziba ni kitambaa. Hatuoni udhuru wa kuchelewa.