Jibondo: kisiwa cha wavuvi kinachofikiwa kwa tanga

Jibondo ni kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe kilicho kusini mwa Juani, katika visiwa vya Mafia, mkabala na delta ya Rufiji. Udongo wake ni haba, kwa hiyo wenyeji hawategemei minazi wala mashamba kama wenzao wa kisiwa kikubwa cha Mafia. Riziki yao ni bahari na vyombo vya baharini. Kwa mabaharia wanaosafiri kwa yoti za tanga, ni mojawapo ya vituo vya nadra kati ya Dar es Salaam na Kilwa ambapo kijiji kinaishi kwa uvuvi na si kwa watalii.

Safari ya kwenda huko hupangwa kwa kufuata pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, nayo kaskazi hushika zamu kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Chombo kinachotoka Dar es Salaam msimu huo hupambana na upepo na mkondo kwa pamoja, na hubisha mchana kutwa bila kwenda mbali. Ndiyo maana wanaotoka kaskazini hungoja kaskazi, na wanaotoka Mtwara au Kilwa hupanda na kusi. Vimbunga ni adimu katika latitudo hizi, lakini Hidaya kilipiga Mafia Mei 2024, hivyo taarifa za hali ya hewa hazipuuzwi.

Yoti inayotoka nchi nyingine hukamilisha kwanza taratibu za uhamiaji na forodha katika bandari kubwa kama Tanga, Dar es Salaam au Mtwara. Baada ya hapo, kazi ngumu ni kuingia ghuba ya Chole, ambako yoti zinazokwenda Jibondo hutia nanga, kupitia mlango wa Kinasi, upande wa bahari kuu. Maji yanapokupwa hutoka mlangoni kwa kasi na kugongana na mawimbi yanayoingia, bahari ikachafuka hata siku ya upepo mdogo. Siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa nne au saa nne na nusu asubuhi. Saa moja au mbili zinazofuata ndizo bora: maji yameanza kujaa, miamba bado iko wazi, na jua liko juu, halijamwakia nahodha usoni kwa kuwa anaelekea magharibi. Bluu iliyokolea ni kina, kijani cheupe ni mchanga, hudhurungi ni mwamba. Nanga hutupwa kwenye mchanga na kamwe si juu ya matumbawe, na mnyororo huachiwa wa kutosha, kwani bamvua huweza kupandisha maji mita tatu na zaidi. Maji yakipwa, ufukwe hukauka mbali sana. Kwa hiyo chombo kikubwa hubaki ghubani na wageni huvuka kwa mashua ya mwenyeji anayezijua njia.

Mgeni akishuka hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, akajieleza ametoka wapi na amefuata nini. Jibondo ni kijiji cha Waislamu. Mavazi ya kuogelea huishia kwenye chombo, shughuli hupungua wakati wa sala ya Ijumaa, na mtu hapigwi picha bila ridhaa yake.

Mafundi wa kisiwa hiki wanasifika tangu zamani kwa kuunda mashua na majahazi. Kazi hufanyika ufukweni bila mchoro wowote. Vipimo vimo kichwani mwa fundi. Mkuku hulazwa kwanza. Mataruma huchongwa kwa tezo kutoka kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, kwa sababu mti uliokua na pindo hauvunjiki kirahisi kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Matundu ya misumari hutobolewa kwa keekee, kisha nafasi kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyopakwa mafuta. Baharia yeyote atakayekaa hapo kutazama atajifunza mengi kuhusu chombo chake mwenyewe.

Wanaume huvua kwa nyavu, yakiwemo majarife ya kunasa papa na taa. Sehemu ya samaki hutiwa chumvi na kuanikwa, kisha husafirishwa hadi masoko ya bara. Bamvua linapofunua miamba, wanawake hushuka na michokoo kutafuta pweza. Dalili ya pango lenye pweza ni kokoto na maganda ya chaza yaliyopangwa mlangoni. Mvuvi huingiza mchokoo taratibu hadi pweza aukumbatie, kisha humvuta. Muda ni mfupi, maana maji hurudi ndani ya saa chache.

Eneo lote hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Wageni hulipa ada, na kila ukanda una masharti yake ya uvuvi. Kuokota matumbawe na makombe si ruhusa. Kanuni za nyavu zimewahi kuleta mvutano kati ya wavuvi na hifadhi, kwa hiyo mgeni anayetupa ndoano mahali palipokatazwa huziudhi pande zote mbili.

Kinachosahaulika zaidi ni maji matamu. Jibondo haina mto, na kwa vizazi vingi wenyeji walikinga mvua au kuvusha maji kwa mashua kutoka Mafia. Yoti ifike na matangi yaliyojaa, iondoke na taka zake, na inunue samaki kwa shilingi taslimu kwa bei ya kijijini. Asiyeweza kujitosheleza kwa maji ajaze kwanza kisiwa kikubwa, ndipo avuke.